Safari ya Umeme hadi Unyanyembe: Kwa Nini Njia Ndefu Hudai Msongo Mkubwa

Walimu wengi wa fizikia wamekwisha kuulizwa na wanafunzi wao maswali yafuatayo. Kwa nini umeme unaotumika nyumbani kwa msongo wa volti 230 husafirishwa kutoka mbali kwa msongo wa volti 132,000 au 220,000, au hata 400,000? Kwa nini njia ndefu ya umeme huwasumbua wahandisi hata usiku wa manane, watumiaji wakiwa wamelala? Na kwa nini kijiji kilicho chini kabisa ya nyaya hizo huweza kukaa gizani?

Makala hii inakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kutumia mfano wa nchini mwetu, yaani njia zinazopeleka umeme Tabora na kuendelea magharibi. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Tabora iko mbali na mitambo mikubwa ya kuzalisha umeme, kwa hiyo matatizo ya usafirishaji huonekana huko waziwazi. Pili, Unyamwezi ni nchi ya wapagazi, na hesabu waliyoijua wapagazi wa zamani inafanana sana na hesabu ya wahandisi wa leo.

HESABU YA MPAGAZI

Katika karne ya 19 Tabora, iliyojulikana pia kwa jina la Kaze, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu ilitoka Bagamoyo na bandari za jirani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, kisha ikaingia Unyanyembe. Hapo iligawanyika: tawi moja lilielekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda, na jingine Katanga. Wasafiri Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze mwezi wa Novemba mwaka huo huo. Msafara uliokwenda vizuri zaidi ulichukua kiasi cha miezi mitatu.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba cha nafaka, ambacho tunaweza kukikadiria kuwa kilo 0.7. Sasa tuseme kwamba mfanyabiashara wa pwani alitaka kupeleka mtama Tabora, na kwamba mpagazi alikula kutoka katika mzigo wake mwenyewe. Kwa safari ya siku 90 angehitaji kilo 63, hali amebeba kilo 32 tu. Siku ya 46 mzigo ungekuwa umekwisha, naye angali katikati ya njia. Biashara hiyo haikuwezekana kabisa, wala isingesaidia kuongeza wapagazi, kwani kila aliyeongezwa angekuja na tumbo lake.

Ndiyo maana mizigo ya misafara ilikuwa ya vitu vyenye thamani kubwa kwa uzito mdogo. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga, na zile nyaya nene za shaba zilizoitwa masango. Mpagazi wa pembe alikula kibaba kile kile alichokula mpagazi wa mtama, lakini thamani iliyofika ilikuwa kubwa mara nyingi. Hapo ndipo tunapoipata kanuni yetu ya kwanza: gharama ya njia hutegemea idadi ya wapagazi, haitegemei thamani ya mzigo. Anayetaka kufika mbali hana budi kuongeza thamani ya kila mzigo na kupunguza idadi ya wapagazi.

MKONDO, MSONGO NA UPOTEVU

Katika umeme, wapagazi wetu ni chaji zinazopita katika waya. Wingi wa chaji zinazopita kwa sekunde moja ndio mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Nishati iliyobebwa na kila kipimo cha chaji ndiyo msongo, nao hupimwa kwa volti. Nguvu inayofika kwa mtumiaji ni zao la viwili hivyo: msongo mara mkondo. Kwa hiyo nguvu ile ile huweza kusafirishwa kwa njia mbili, ama kwa mkondo mkubwa wenye msongo mdogo, ama kwa mkondo mdogo wenye msongo mkubwa.

Waya nao hudai posho. Kila waya una ukinzani, na mkondo unapopita, sehemu ya nishati hugeuka kuwa joto. Kiasi kinachopotea kwa sekunde ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Hapa ulinganisho wetu na wapagazi una mpaka, na ni vema mwalimu auonyeshe: wapagazi wakiongezeka maradufu posho huongezeka maradufu, lakini mkondo ukiongezeka maradufu upotevu huongezeka mara nne. Umeme ni mkali zaidi kuliko msafara.

Hebu tuchukue mfano wa kukadiria. Mji fulani ulio kilomita 200 kutoka kituo cha umeme unahitaji megawati 30. Njia ina nyaya tatu, kama ilivyo desturi, na ukinzani wa kila waya ni omu 0.2 kwa kilomita, yaani omu 40 kwa safari nzima. Mkondo katika kila waya hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa msongo, kisha kugawanya tena kwa 1.73, kwa sababu nyaya ni tatu.

Tukitumia msongo wa kilovolti 33, mkondo utakuwa ampea 525 hivi. Upotevu katika nyaya tatu utakuwa 3 mara 525 mara 525 mara 40, yaani kama megawati 33. Msomaji ataona kwamba njia ingekula nguvu nyingi kuliko ile inayofika mjini. Huyu ndiye mpagazi wetu wa mtama.

Tukipandisha msongo hadi kilovolti 132, yaani mara nne, mkondo unashuka hadi ampea 131, na upotevu unashuka mara kumi na sita, hadi kama megawati 2.1. Sasa njia inakula sehemu 7 tu katika mia. Kwa kilovolti 220 upotevu ungekuwa megawati 0.74, yaani sehemu 2.5 katika mia. Waya ni ule ule na umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni thamani ya mzigo.

Mwanafunzi makini atauliza: je, hatuwezi kubaki na kilovolti 33 na kuunenepesha waya? Twaweza, lakini ili kupata nafuu hiyo hiyo ya mara kumi na sita ingetubidi tuweke chuma na alumini mara kumi na sita kwa kila kilomita, pamoja na nguzo za kuubeba uzito huo. Hakuna nchi inayoweza kulipa gharama ya namna hiyo kwa hiari.

TRANSFOMA NA MKONDO GEU

Kubadili thamani ya mzigo si jambo dogo. Thomas Edison alipofungua kituo chake cha umeme mjini New York mwaka 1882, alitumia mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, na hapakuwa na chombo chepesi cha kupandisha na kushusha msongo wake. Kwa hiyo wateja wake walipaswa kukaa karibu na mashine.

Suluhisho lilikuwa transfoma, ambayo hufanya kazi kwa mkondo geu, yaani mkondo unaogeuza mwelekeo wake mara kwa mara; hapa kwetu hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Koili mbili huzungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Koili ya pili ikiwa na mizunguko mingi mara nne kuliko ya kwanza, msongo hupanda mara nne na mkondo hushuka mara nne. Mwishoni mwa safari transfoma nyingine hufanya kinyume chake.

Mwaka 1891 nguvu ya maporomoko ya Lauffen, huko Ujerumani, ilipelekwa kwa njia hiyo hadi maonyesho ya Frankfurt, umbali wa kilomita 175, na robo tatu hivi ya nguvu hiyo ikafika. Umbali huo haukufikia ule wa Shinyanga hadi Tabora. Wakati huo mizigo ya Unyanyembe ilikuwa bado inakwenda mabegani mwa watu, na Mtemi Isike alikuwa anapambana na jeshi la Wajerumani, mapambano yaliyokwisha kwa kifo chake mwaka 1893. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nyaya za Gridi ya Taifa zilichelewa zaidi, na kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mashine za dizeli.

NJIA YA KWENDA TABORA

Gridi yetu ilikua kutoka kwenye maji. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake ikafikia megawati 204. Kwanza nguvu hiyo ilielekezwa Morogoro na Dar es Salaam kwa msongo wa kilovolti 220. Baadaye, katika miaka ya 1980, njia ya msongo huo huo ilijengwa kutoka Iringa kupitia Mtera, Dodoma, Singida na Shinyanga hadi Mwanza. Kutoka Shinyanga, njia ya kilovolti 132 yenye urefu wa kilomita 200 hivi inarudi kusini hadi Tabora.

Msomaji akichukua ramani na kuifuatisha njia hii, Kidatu, Iringa, Mtera, Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha Tabora, atapata jumla ya kilomita 1,000 hivi. Umbali huo unazidi ule wa msafara kutoka Bagamoyo. Vituo vya njiani, ambavyo kwa kawaida huitwa vituo vya kupozea umeme, ni kama kambi za zamani za kupumzikia: humo msongo hurekebishwa, na humo njia yenye hitilafu hukatwa isidhuru nyingine.

Tangu wakati huo uti wa mgongo huo umeimarishwa. Katika miaka ya 2010 ilijengwa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, yenye urefu wa kilomita 670. Kwa upande wa uzalishaji, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, ambalo uwezo wake wote ni megawati 2,115, ilianza kazi mwaka 2024. Kutoka Tabora kwenyewe imejengwa njia ya kilovolti 132 kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 380. Nyingine imekusudiwa kwenda Kigoma kupitia Urambo na Nguruka, karibu kabisa na njia waliyoifuata wapagazi wa Ujiji.

WAYA MREFU WENYE MZIGO MDOGO

Hadi hapa ingeonekana kwamba dawa ni moja tu: kupandisha msongo bila kikomo. Lakini msongo mkubwa huleta tatizo lake, nalo ni jibu la swali letu la pili.

Waya uliotundikwa juu ya ardhi ni kama kapasita ndefu. Waya ni bapa moja, ardhi na nyaya nyingine ni bapa la pili, na hewa iko kati. Kila mara msongo unapogeuka, kapasita hiyo hujazwa na kumwagwa chaji, mara mia kwa sekunde. Nguvu inayokwenda na kurudi namna hii haiwashi taa wala haisagi unga, lakini ni lazima ipite. Wahandisi huipima kwa megavari. Njia ya kilovolti 132 huzalisha kiasi cha megavari 5 kwa kila kilomita 100, na njia ya kilovolti 400 zaidi ya mara kumi ya hizo.

Waya huohuo pia una tabia ya koili: mkondo unapopita huzungukwa na uga wa sumaku, nao hula nguvu ya aina hiyo hiyo. Mkondo ukiwa mkubwa, koili hula zaidi na msongo hushuka kadiri tunavyosonga mbele. Mkondo ukiwa mdogo, kapasita hushinda. Kuna mzigo mmoja wa katikati ambapo viwili hivi hulingana, nao huitwa mzigo wa asili wa njia. Kwa njia ya kawaida ya kilovolti 132 ni kama megawati 45, kwa kilovolti 220 kama 130, na kwa kilovolti 400 zaidi ya 500.

Sasa tuutazame mji mdogo ulio mwisho wa waya mrefu. Usiku wa manane mashine za kusaga zimesimama na taa nyingi zimezimwa, mzigo ni megawati chache tu. Kapasita inashinda, na jambo la ajabu linatokea: msongo kule mwisho unakuwa mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Mfano wake ni bembea. Anayeisukuma kidogo kidogo kwa wakati unaofaa huifanya iende juu kuliko mkono wake unavyofika. Jambo hili liliitwa athari ya Ferranti, kwa jina la mhandisi Sebastian Ziani de Ferranti, aliyehusika na kebo za umeme za London mwishoni mwa karne ya 19.

Tuikadirie. Kutoka Shinyanga kupitia Tabora hadi Mpanda ni karibu kilomita 580. Kama njia hiyo ingeachwa wazi, bila mzigo na bila kifaa chochote cha kuidhibiti, msongo ungepanda kwa zaidi ya sehemu 20 katika mia. Kilovolti 132 za Shinyanga zingefika Mpanda zikiwa kama 160. Vifaa vya daraja hilo kwa kawaida hutengenezwa kuhimili kilovolti 145 katika kazi ya siku zote. Kwa hiyo njia isiyo na mtumiaji hata mmoja ingeweza kuviharibu vifaa vyake yenyewe.

Dawa ni kufunga katika vituo koili kubwa ziitwazo riakta, ambazo hula megavari zilizozidi. Mchana mzigo unapopanda, riakta hukatwa, na pengine kapasita huunganishwa ili kuunyanyua msongo. Dawa nyingine ni kuanza kuiendesha njia kwa msongo ulio chini ya ule iliyojengewa. Ile njia ya Iringa hadi Shinyanga, iliyojengwa kwa kilovolti 400, ilianza kwa kuendeshwa kwa kilovolti 220. Kwa kuwa megavari hufuata mraba wa msongo, hatua hiyo huzipunguza hadi chini ya theluthi moja, mpaka hapo mzigo utakapokua na kuistahili njia.

Haya ndiyo masuala yanayofanyiwa utafiti popote penye miji midogo na umbali mkubwa: riakta ngapi, ziwekwe wapi, na ziwashwe na kuzimwa na nani, kwa haraka gani. Nchi nyingine zimechagua kurudi kwenye mkondo mnyoofu kwa safari ndefu sana, kwa sababu mkondo huo haujazi na kumwaga kapasita kila mara. Njia ya Inga hadi Kolwezi, huko Kongo, ilianza kazi mwaka 1982 kwa urefu wa kilomita 1,700 na msongo wa kilovolti 500. Inapeleka nguvu ya mto Kongo kwenye migodi ya shaba ya Katanga, nchi ambayo shaba yake ililetwa zamani Unyanyembe na misafara. Njia ya aina hiyo hiyo kati ya Ethiopia na Kenya, ya kilomita 1,000 na zaidi, ilianza mwaka 2022. Lakini vituo vya kuugeuza mkondo ni ghali mno, na gharama yake hulipwa tu pale ambapo mzigo ni mkubwa na umbali ni mrefu.

HEWA, RADI NA MOTO

Kihami kikuu cha njia ya umeme ni hewa, nayo haina nguvu sawa kila mahali. Tabora iko kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu 13 hivi katika mia. Hewa nyepesi huvunjika kwa urahisi zaidi, na cheche hupata njia. Ndiyo maana vipimo vya vifaa vya umeme hutakiwa kusahihishwa pale ambapo mahali pamezidi meta 1,000. Nafasi iliyotosha Bagamoyo yaweza isitoshe Urambo.

Adui wa pili ni radi. Vipimo vya satelaiti vimeonyesha kwamba mashariki mwa Kongo, ng'ambo ya ziwa Tanganyika na ziwa Kivu, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kupita zote duniani, na nyanda zetu za magharibi hazina amani ya pwani katika masika. Juu kabisa ya nguzo hufungwa waya usio na umeme, kazi yake ikiwa kuipokea radi na kuiteremsha ardhini. Ufanisi wake hutegemea udongo. Tuseme radi ya ampea 30,000 imepiga nguzo. Ukinzani kati ya mguu wa nguzo na ardhi ukiwa omu 10, msongo wa nguzo utapanda, kwa hesabu ya haraka, hadi kilovolti 300. Ukiwa omu 50, utapanda hadi 1,500. Vihami vya njia ya kilovolti 132 kwa kawaida huhimili pigo la kilovolti 650. Katika hali ya kwanza radi inapita salama. Katika hali ya pili inaruka kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye waya, na mji unazimika. Udongo wa kichanga uliokauka kwa miezi ya kiangazi hauupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mahali pengi inabidi kuzika vyuma virefu zaidi, na kupima upya kila baada ya muda.

Adui wa tatu ni moto. Misitu ya miombo ya Tabora, yenye sifa ya asali nzuri, huungua mara kwa mara wakati wa kiangazi. Moto wa nyasi ndefu chini ya nyaya huipasha hewa joto na kuijaza masizi, na hewa ya namna hiyo huacha cheche ipite. Kwa sababu hiyo ukanda wa chini ya njia, unaoitwa mkuza, hufyekwa. Anayechoma shamba au kurina asali kwa moto karibu na mkuza huweza kuzima taa za hospitali iliyo kilomita mia kutoka hapo, bila yeye mwenyewe kujua.

KIJIJI KILICHO CHINI YA NYAYA

Sasa tulijibu swali la tatu, ambalo huulizwa kwa uchungu zaidi kuliko mengine. Nguzo zimepita shambani, miti imekatwa, na bado kijiji kinatumia kibatari. Je, haiwezekani kuchomoa waya mmoja tu?

Turudi kwa mpagazi. Msafara wa pembe ulipita katika vijiji vingi, lakini hakuna aliyeweza kukata kipande cha pembe ili anunue kuku. Utajiri wa aina hiyo ulivunjwa sokoni, mahali penye wafanyabiashara na mizani. Vivyo hivyo, kilovolti 132 haziwezi kushushwa hadi volti 230 kwa transfoma ndogo ya kwenye nguzo. Inatakiwa transfoma kubwa yenye mafuta na vipoza joto, swichi zinazoweza kukata mkondo mkubwa katika sehemu ndogo ya sekunde, na vyombo vya ulinzi. Kituo cha namna hiyo hujengwa kwa ajili ya wilaya nzima. Tena kila tundu linalotobolewa katika njia kuu ni mahali papya panapoweza kutokea hitilafu itakayowazima wote walio mbele.

Kutoka kituoni umeme hushushwa hadi kilovolti 33, ukasambazwa vijijini kwa nguzo fupi, kisha ukashushwa tena hadi volti 400 na 230. Kazi hii ya pili ndiyo inayoleta taa chumbani, na ndiyo iliyopewa Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Hivyo mwanakijiji anayeuliza swali hili hakosei. Anapaswa tu kujua kwamba matumaini yake hayako katika waya unaopita juu ya kichwa chake; yako katika kituo kilicho karibu naye na katika njia za kilovolti 33 zitokazo hapo. Kituo kikiwa umbali wa kilomita mia mbili, tumekwisha kuona katika hesabu yetu kilovolti 33 hufanya nini. Kujengwa kwa vituo Urambo, Ipole na Inyonga kuna maana hiyo kwanza: kuyasogeza masoko karibu na vijiji.

MWISHO WA NJIA NA PETE

Limebaki jambo moja ambalo transfoma haiwezi kulitibu. Mji ulio mwisho wa njia moja hutegemea kila nguzo iliyo nyuma yake. Nguzo moja ikianguka kati ya Shinyanga na Tabora, Tabora inazimika, na wote walio mbele ya Tabora wanazimika pamoja nayo. Njia ikirefushwa hadi Mpanda na Kigoma, nguzo za kutegemewa zinaongezeka, na mzigo wa ile njia ya kwanza ya kilomita 200 unakua.

Jibu la wahandisi ni pete. Kutoka Shinyanga njia nyingine inapita Bulyanhulu, Geita na Nyakanazi, na ni kupitia Nyakanazi ndipo Kigoma ilipounganishwa kwa mara ya kwanza na Gridi mwaka 2022. Njia ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi na ile ya kilovolti 132 kutoka Tabora zikikutana Kigoma, nchi yote ya magharibi itakuwa na mlango wa mbele na wa nyuma. Sehemu moja ikikatika, umeme utazunguka upande wa pili. Mradi wa maporomoko ya mto Malagarasi, uliobuniwa kutoa megawati 49.5, utaipa pete hiyo chanzo chake cha karibu, jambo ambalo pia husaidia kuushika msongo. Haja yake itaongezeka treni za umeme zitakapofika Tabora kwa reli mpya, kwa sababu treni hutumia msongo wa kilovolti 25 kutoka kwenye waya mmoja, na mzigo wa namna hiyo huelemea njia ya nyaya tatu upande mmoja.

Pete nayo ina hesabu zake. Umeme hauulizi njia iliyo fupi kwenye ramani. Hugawanyika kufuatana na ukinzani wa kila upande, na upande dhaifu huweza kuzidiwa wakati ule nguvu inapohitajika zaidi. Kuzipanga swichi zikate pale penye hitilafu tu, wala zisikate pete nzima, ni kazi inayodai vipimo, kompyuta, na watu waliosoma. Wengi wa watakaoifanya katika miaka ijayo wamo sasa katika madarasa ya sekondari, pengine Tabora kwenyewe.

ZOEZI LA DARASANI

Jaribio hili halihitaji umeme wa nyumbani, wala lisifanywe kwa umeme huo. Tafuta betri za volti 6 na za volti 12, na taa mbili ndogo za pikipiki zenye nguvu sawa ya wati 6, moja ya volti 6 na nyingine ya volti 12. Tafuta pia waya mwembamba wa shaba wa unene wa milimeta 0.3, jumla ya meta 4, meta 2 za kwenda na meta 2 za kurudi. Ukinzani wake ni kama omu 1.

Washa kila taa kwa betri yake, kwanza kwa waya mfupi mnene, kisha kupitia waya ule mwembamba, na uangalie ni taa ipi inayofifia zaidi. Halafu kokotoa. Taa ya volti 6 hudai ampea 1, na ya volti 12 hudai ampea 0.5. Kwa mikondo hiyo waya ungekula wati ngapi katika kila hali? Jibu ni wati 1 na wati 0.25. Msongo umezidishwa mara mbili, upotevu umegawanywa kwa nne.

Mwishowe, wanafunzi wanaopita karibu na njia kubwa wazitazame nguzo zake wakiwa mbali, wala wasizisogelee wala kuzipanda, wahesabu vikombe vya kihami vinavyoning'inia. Vikombe 9 hadi 11 kwa kawaida ni ishara ya kilovolti 132, na zaidi ya 20 ni ishara ya kilovolti 400; lakini katika njia nyingi mpya kihami ni fimbo moja ndefu, na hapo hesabu hiyo haifai. Kisha waifuatishe njia kwenye ramani ya Tanzania na kuuliza: nguvu hii imetoka wapi, imelipa posho kiasi gani njiani, na ikikatika hapa, nani atakaa gizani?